Laptopu yenye nguvu kwa mtumiaji wa Linux

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa programu, na kwa muda mrefu nimetumia mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta ya mezani. Sasa nahitaji laptopu itakayomudu kuendesha kontena kadhaa (programu zinazoendeshwa kila moja kwa kutengwa), hifadhidata na mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta) kwa wakati mmoja. Nimependekezewa laptopu ya michezo ya kompyuta, yenye kadi ya michoro ya NVIDIA na RAM ya GB 16. Je, itanifaa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kazi uliyoieleza nisingekushauri uinunue, kwa sababu fedha nyingi zitakwenda kwenye kadi ya michoro ambayo hutaitumia, huku RAM, ambayo ndiyo kazi yako inaitegemea zaidi, ikibaki finyu. Ukiipa mashine pepe GB 8, basi kivinjari, kihariri, hifadhidata na kontena zote zitagombania GB 8 zilizosalia, na RAM ikijaa mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, hata prosesa kali ikabaki kusubiri. Tafuta yenye GB 32 tangu mwanzo. Uliza pia kama RAM inaweza kubadilishwa, kwani aina ya LPDDR5 kwa kawaida huchomelewa kwenye ubao mama na haiongezeki tena.

Kuhusu NVIDIA, ikiwa unafunza modeli za akili mnemba kwa CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi ya michoro), huna budi kuichukua. Ikiwa sivyo, draiva zake rasmi (programu zinazoendesha kifaa) hazimo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, hivyo moduli yake, yaani sehemu ya draiva inayopachikwa kwenye kerneli, hulazimika kwenda sambamba na kila kerneli mpya, na Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa, moduli hiyo sharti iwe imetiwa saini inayotambulika. Michoro ya Intel na ya AMD huhudumiwa na draiva zilizomo ndani ya kerneli yenyewe, nayo inatosha kabisa kwa kuandika programu.

Prosesa usiipime kwa jina peke yake. Zile za Intel zenye herufi H zimekusudiwa kutumia takriban wati 45, na nyingi zenye herufi U takriban wati 15. Lakini hata ya H, ikiwekwa kwenye bodi nyembamba yenye feni dhaifu, hupata joto na kupunguza kasi katikati ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) mradi mkubwa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nami nalihesabu kuwa zito kuliko yote baada ya RAM, ni usingizi wa mashine, yaani hali inayoingia unapofunga kifuniko bila kuizima. Kabla ya kulipa, omba uiwashe kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, kisha andika kwenye terminali:

cat /sys/power/mem_sleep

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Ukiona «deep», RAM pekee ndiyo itakayoendelea kupewa umeme kwa kiasi kidogo; ukiona «s2idle» peke yake (usingizi mwepesi zaidi), ambalo ni jambo la kawaida kwa mashine mpya, funga kifuniko kwa nusu saa, kisha ulinganishe asilimia ya betri ya kabla na ya baada. Hapo hapo jaribu Wi-Fi (chipu za Intel kwa kawaida hazisumbui, ilhali baadhi ya zile za Broadcom huhitaji draiva za kutafuta kando), sauti na kamera. Kisoma alama za vidole mimi nisingekifanya sababu ya kuikataa mashine nzuri.

Kwa majina, anza na ThinkPad za Lenovo za familia za T na P, au Framework, ambayo sehemu zake nyingi unaweza kuzibadilisha mwenyewe. System76 huuza laptopu zikiwa tayari na Linux. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, nayo huchapisha orodha ya mashine zilizoidhinishwa kwa Ubuntu. Unapoisoma, linganisha modeli kamili na toleo la Ubuntu lililojaribiwa, kwani laptopu mbili zenye jina moja zaweza kuwa na chipu tofauti za Wi-Fi. Na ukichagua modeli iliyotoka karibuni, tumia usambazaji wa Linux (kama Ubuntu) wenye kerneli mpya.