Kabla hujapanda meli ya jodari kama mwangalizi, jiandae kubanwa

Juzi kijana mmoja aliyemaliza shahada ya sayansi ya uvuvi pale Kunduchi kaniandikia: "Shikamoo dada. Naomba unielekeze namna ya kuingia kazi ya uangalizi kwenye meli kubwa. Nasikia inalipa na mtu unatembea dunia." Nimeamua nimjibu hapa, maana najua mko wengi wenye hamu hiyo, na ni hamu nzuri.

Marahaba, mdogo wangu. Inalipa, ndiyo. Kutembea dunia, sahau. Utaona sitaha na maji, kesho yake maji na sitaha.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mwangalizi wa kisayansi hapandi melini kuvua wala kukamata mtu. Anahesabu na kuandika. Kila samaki anayeletwa juu anataka kujua ni wa aina gani, ana urefu gani, kabaki au katupwa baharini, na kama katupwa alikuwa hai au kafa. Kamisheni ya Tuna ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Victoria, Ushelisheli, na nchi yetu ni mwanachama tangu 2007, inataka angalau asilimia 5 ya uvuvi wa meli zenye urefu wa mita 24 na kuendelea iwe na mwangalizi. Soma tena: asilimia 5. Kwingineko kote, kinachojulikana kwa sehemu kubwa ni kile nahodha mwenyewe alichoandika kwenye daftari la meli. Kwa hiyo ukiwa pale na penseli yako, usijione mdogo.

Wengi wetu hapa Dar bahari kuu tuliisikia mwaka 2009, meli ya kigeni Tawariq 1 ilipokamatwa na jodari wake wakagawiwa, mtaani wakaitwa samaki wa Magufuli, waziri wa uvuvi wa wakati ule. Watu walizungumza kitoweo. Mimi kilichonikaa kichwani ni swali moja: kabla ya siku ile, nani alikuwa akiwahesabu? Swali hilo ndilo lililonipeleka darasani, na ndilo lililonipandisha melini wakati ndugu zangu wananiuliza nitalala wapi na wanaume wote wale.

Siku za mwanzo sitazieleza. Ni msimu wa kusi, roho inachafuka, unatapika, unazoea.

Nieleze kuvuta mshipi. Meli niliyopanda ilivua kwa mshipi mrefu, kitu cha jamii ya dhulumati za wavuvi wetu, ile kamba yenye ndoana nyingi, ila huu unanyooka makumi ya kilomita na kubeba ndoana zaidi ya elfu mbili. Unatupwa alfajiri, unaanza kuvutwa jioni, na kazi inakwenda mpaka usiku mkubwa. Mashine inanguruma, kamba inaingia imelowa, baharia mmoja kasimama kwenye uwazi wa ubavuni na upembo mkononi, yaani mti wenye ndoana nchani. Jodari akifika anapigwa upembo kichwani, si mwilini, maana nyama ikitoboka bei inashuka. Wewe una sekunde chache za kumlaza kwenye kipimo, mdomo mwanzo wa kipimo, na kusoma pale mkia unapogawanyika panda. Halafu anatolewa matumbo na kupelekwa kwenye jokofu la nyuzi 60 chini ya sifuri. Akishaingia mle, hupimi tena. Ndiyo maana nasema andika saa ile ile. Usiseme nitaandika nikishanawa mikono.

Usiku mmoja wakaja papa wa mkia mrefu, wale ambao mkia wao unakaribia urefu wa mwili mzima. Kanuni za Kamisheni zinakataza kuwabakiza melini. Kamba inakatwa, anaachiwa. Wa kwanza aliachiwa. Waliofuata, watatu, waliburutwa nyuma ya mapipa ya chambo. Nikaandika saa, nikaandika mahali tulipo kwa mujibu wa GPS yangu, nikapiga picha na kipimo kikionekana pembeni. Msaidizi wa nahodha akaja akaweka kidole juu ya fomu yangu, kidole kina damu na magamba. Akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza: andika mmoja. Nikamwambia nimeshaandika. Akarudia: andika mmoja. Nikakunja fomu, nikaitia ndani ya koti.

Kuanzia siku ile mezani hakuna aliyeniongelesha, isipokuwa mpishi, Mwindonesia mmoja mtu mzima, aliyeendelea kunijazia wali bila kusema neno. Mungu amlipe.

Nilidhani yangeishia baharini. Niliporudi Dar, ofisa mmoja wa waliokuwa wakishughulikia safari ile akanishauri niilainishe ripoti, tusije tukawaudhi wenye meli. Sikulainisha hata herufi moja. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Wenzangu nilioanza nao wakaitwa, wengine niliowafundisha mimi kushika kipimo wakaitwa, mimi nikabaki nyumbani Mbagala nikiangalia mizigo yangu kwenye kona. Kunaniuma mpaka leo, siwezi kuwadanganya. Lakini fomu zile ninazo nakala zake, na nikizifungua leo sioni mstari ninaotamani kuubadili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiniulize kwanza kuhusu mshahara. Jiulize utafanya nini kidole kile kitakapotua kwenye fomu yako, nawe uko siku nyingi mbali na nchi kavu. Jibu hilo lazima uondoke nalo nyumbani, melini hutalipata. Usipokee sigara, usipokee bia, usipokee mapezi ya papa yaliyokaushwa wanayokupa unaposhuka ukaambiwa ni ukarimu tu. Kataa kwa adabu, sema kazi yangu hainiruhusu. Ukishapokea kimoja, cha pili hutaweza kukikataa, na takwimu zako hazitakuwa zako tena. Nchi hii haitaweza kusimamia jodari wake kwa karatasi zilizolainishwa. Andika ulichokiona. Andika saa ile ile.

Usalama nao si wa kupuuza. Mwaka 2015 mwangalizi Mmarekani alitoweka kazini kwenye Pasifiki, mbali na pwani ya Peru, na hajaonekana tena. Usipande bila kifaa chako mwenyewe cha setilaiti cha kutuma ujumbe, na uwe na mtu nchi kavu anayejua siku gani ategemee habari zako, na neno gani ukiliandika ajue mambo yameharibika. Dada zangu, ulizeni mapema kama mtapewa chumba chenye kitasa kinachofunga kwa ndani. Jibu likiwa "tutaona hukohuko", msipande.

Mengine ni ya kawaida. Mafunzo ya lazima ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, utayapata Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Matangazo ya kazi fuatilia kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, makao yao yapo Fumba, Zanzibar. Pasipoti iwe hai. Nunua penseli nyingi, kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Mabuti nunua Kariakoo, namba moja zaidi ya yako, utavaa soksi mbili.

Wakati unasubiri kuitwa, usikae bure. Amka alfajiri uende soko la samaki la Feri, boti zinapoingia, na futi ya fundi nguo mfukoni. Waombe wachuuzi wakuruhusu upime jodari na nduaro kabla hawajakatwa. Watakufukuza mara ya kwanza. Nunua hata kipande, rudi kesho. Mimi aliyenisaidia alikuwa mama mmoja wa upande wa wakaangaji, ndiye aliyewaambia wachuuzi waniache nipime.