Bega, Nyonga, Kifundo: Kujifunza Kairopraktiki Nje ya Uti wa Mgongo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mombasa ninayesomea kairopraktiki, yaani tiba ya uti wa mgongo na viungo kwa mikono, mjini Durban, Afrika Kusini. Tangu tuanze masomo ya vitendo, muda mwingi umekwenda kwenye shingo, mgongo na kiuno, na ni mwaka huu tu tumeanza kufundishwa kupima na kutibu bega, kiwiko, nyonga, goti na kifundo cha mguu. Baadhi ya wenzangu wanaliona somo hili kuwa nyongeza, kwa kuwa taaluma yetu inajulikana kwa uti wa mgongo. Mimi nalipenda, lakini kila kiungo kina vipimo chungu nzima vyenye majina ya watu, nami nikivikariri usiku, asubuhi vimechanganyika. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Durban

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza wenzako wakumbushwe historia ya kazi waliyoichagua. Daniel David Palmer, aliyeanzisha kairopraktiki mjini Davenport, Iowa, mwaka 1895, aliandika kwamba asilimia 95 ya maradhi husababishwa na pingili za uti wa mgongo zilizohama mahali pake, na asilimia 5 iliyobaki husababishwa na viungo vingine. Hesabu hiyo haiwezi kutetewa leo, na mimi sitajaribu. Ila inatosha kuonyesha kwamba mguu na mkono vilikuwamo katika kazi hii tangu mwanzo, wala havikuongezwa na walimu wenu ili kujaza ratiba.

Ama kuhusu pa kuanzia, viweke kando kwa muda vipimo vyenye majina. Kila kimoja hujibu swali dogo tu, na asiyelijua swali hanufaiki na jibu. Jifunze kwanza utaratibu mmoja ambao hautabadilika, uwe umeshika bega au kidole gumba cha mguu: msikilize mgonjwa, mtazame, mwambie akisogeze kiungo mwenyewe, kisha kisogeze wewe huku misuli yake imelegea, kisha mwambie asukume dhidi ya mkono wako bila kiungo kusogea, na mwisho upime ule mteleza mdogo wa mfupa juu ya mfupa ambao mgonjwa hawezi kuufanya kwa hiari yake. Mantiki ya hatua za katikati tunadaiwa na James Cyriax, daktari wa London wa karne iliyopita. Maumivu yakitokea upande uleule, akisogeza mwenyewe au ukimsogeza wewe, shuku kiungo na mfuko unaokizunguka; yakitokea anaposukuma bila kusogea, shuku msuli au kano yake. Daima anza na upande usiouma, kwa sababu huo ndio kipimo chako cha hali ya kawaida ya mtu huyo.

Chukua mfano wa bega. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari, anakuja akisema hawezi kujichana nywele wala kufikisha mkono mgongoni. Akiinua mkono, unaona bega zima linapanda kuelekea sikioni, maana kombe la bega linafanya kazi ambayo kiungo chenyewe kimeikataa. Mwambie akunje kiwiko na kukibana ubavuni, kisha uuzungushe mkono wake kuelekea nje. Ukikwama mapema, akiuzungusha yeye au ukiuzungusha wewe, na picha ya eksirei ikionyesha kwamba kiungo hakijaharibika, basi kwa uwezekano mkubwa una bega lililoganda mbele yako, nawe hukuhitaji jina la kipimo hata kimoja kufika hapo. Vilevile utakuwa umejua kwamba ule msukumo wa ghafla tunaotibia nao viungo haufai katika kipindi cha maumivu makali, kwa kuwa bega la namna hiyo likichokozwa hulipiza usiku. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba ugonjwa huu huchukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, apewe mazoezi anayoweza kuyavumilia, na sukari yake ifuatiliwe na daktari wake.

Tena, anayejifunza viungo vya nje asiache kupima uti wa mgongo. Neva zinazotoka shingoni hupeleka maumivu begani na mkononi, na ganzi ya vidole inaweza kuanzia shingoni au kwenye kifundo cha mkono. Usipopima kote kuwili utatibu pasipo na ugonjwa.

Nyonga ndiyo ninayoihofia zaidi mikononi mwa mwanafunzi, hasa utakaporudi kwetu Afrika Mashariki. Maumivu ya nyonga yanaweza kusikika gotini, kwa hiyo kijana anayechechemea akisema goti linamuuma, ilhali goti lenyewe halina kasoro, lazima nyonga yake ipimwe. Katika umri wa kubalehe, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye sehemu yake ya kukulia. Ukimkunja nyonga unaona paja linageuka nje lenyewe. Huyo haguswi tena: asiukanyagie mguu huo, apelekwe hospitali yenye upasuaji wa mifupa siku hiyohiyo. Kwa mwenye selimundu (sikoseli), damu inaweza kushindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa huo hadi mfupa ukafa na kubonyea, na picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe kitu. Ongeza kifua kikuu cha mifupa, usaha ndani ya kiungo, uvimbe wa saratani, mifupa iliyodhoofika na baridi yabisi iliyochachamaa. Hizi ndizo sababu za kutosukuma kiungo ninazotaka uzikariri usiku, kabla ya jina lolote la kipimo.

Kuhusu mikono yenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu mwalimu aliye mbele yako atakufaa kuliko maandishi yangu. Msukumo wetu ni wa haraka na mwendo wake ni mfupi sana. Nguvu nyingi ni dalili ya maandalizi mabaya. Kishike kiungo karibu na mstari wake, ondoa ulegevu wote wa ngozi na misuli, hakikisha mgonjwa hajikazi, ndipo usukume kufuata uso wa kiungo. Ule mlio unaosikika kiungo kikisukumwa usikubabaishe. Watafiti wa Uingereza mwaka 1971 waliueleza kama kupasuka kwa povu la gesi ndani ya ute wa kiungo, na mwaka 2015 watafiti wa Kanada, wakitumia picha za mvuto wa sumaku (MRI), walionyesha kwamba unaambatana na kufunguka kwa uwazi wa gesi. Ubishi huo wa wanasayansi haujaisha, lakini hakuna upande unaosema kwamba ni mfupa unaorudi mahali pake. Usimwambie mgonjwa kwamba mfupa wake ulikuwa umehama, maana ataishi akiogopa mwili wake na kukurudia kila mwezi bila sababu.

Baada ya matibabu, rudia harakati ileile iliyokuwa inauma. Andika mwendo wa kiungo kwa nyuzi ukitumia kipimapembe, au kwa sentimita ukitumia rula, badala ya kuandika kwamba kiungo kimelegea, kwani tunapopapasa mwendo wa kiungo kimoja, mimi na wewe mara nyingi hatukubaliani, hata tukiwa wazoefu. Ukitaka ushahidi wa kuwaonyesha wenzako, mapitio ya tafiti kuhusu nyonga, goti na mguu yaliyoongozwa na mtafiti wa kairopraktiki James Brantingham, ya mwaka 2009 na 2012, yaliona ushahidi wa wastani kwa matatizo kadhaa, likiwamo goti lenye gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) iliyolika na kifundo kilichoteguka, pale tiba ya mikono inapokwenda pamoja na mazoezi. Mimi sijaona sababu ya kuitoa bila mazoezi.

SWALI: Daktari, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia jijini Mwanza. Nimeona tangazo la mafunzo ya siku mbili mtandaoni yanayoahidi cheti cha kairopraktiki ya viungo vyote vya mikono na miguu. Je, nijiunge?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwa cheti hicho, hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mtu anayeanza kairopraktiki bila taaluma ya awali asome kwa muda usiopungua saa 4,200, zikiwamo saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi, na ingawa kwa mtu mwenye taaluma ya afya kama wewe muda unaweza kupunguzwa, haupunguzwi hadi siku mbili. Ukitaka kunoa ujuzi wa kupima kiungo na kukisogeza taratibu, tafuta mafunzo ambayo mwalimu atakushika mkono, baki ndani ya mipaka ya leseni yako, na uendelee kujitambulisha kwa taaluma uliyosajiliwa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi huchua misuli ya wachezaji wa timu yetu ya mtaa, Morogoro. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, wazee husema uvutwe palepale kabla haujavimba. Je, ni sahihi?
Mchua wa timu, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usiuvute. Jiulize kwanza kama kuna mvunjiko, na kwa hilo kuna kanuni nyepesi zilizochapishwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Kama anaumwa kwenye kifundo, bonyeza mfupa unaochomoza nje na ule wa ndani, ukifuata ukingo wa nyuma kwa sentimita 6 za chini hadi ncha. Kama anaumwa katikati ya wayo, bonyeza kitako cha mfupa wa kidole kidogo na mfupa ulio mbele kidogo ya kifundo cha ndani. Ukigusa mfupa akaruka, au akashindwa kutembea hatua nne, aende kupigwa picha. Kwa mtoto mdogo, mlevi, au mwenye ganzi miguuni, usizitegemee kanuni hizi, mpeleke tu.

Kama hakuna mvunjiko, siku za mwanzo kifundo kifungwe kwa bandeji, mguu uinuliwe, na aanze kuukanyagia kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kukandwa kwa nguvu na kwa maji ya moto kusubiri. Uvimbe ukipungua, apimwe na mtaalamu: asimame mbele ya ukuta, wayo wote chini, apeleke goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, na umbali wa kidole gumba hadi ukutani ulinganishwe na ule wa mguu usioumia. Umbali wa mguu ulioteguka ukiwa mfupi zaidi, hapo ndipo kusogezwa kwa mfupa wa kifundo kuelekea nyuma, taratibu na kwa mikono inayojua, kunaposaidia. Kisha asimame kwa mguu mmoja kila siku, macho yakiwa wazi na baadaye yamefumbwa, na asirudi uwanjani kabla hajaweza kuruka na kukata kona kwa mguu huo bila kusita.