Risasi iliyokwisha kufungwa haipimiki baruti kwa mizani
Ukijaza risasi mwenyewe, je, unaweza kuipima ikiwa imeshafungwa ili kujua kama baruti (unga unaolipuka) ni sahihi? Hapana, mizani haitakuambia, hasa kwa risasi ya bastola. Baruti yake mara nyingi ni greni 4 au 5 tu (greni 1 ni gramu 0.065), ilhali maganda na vichwa vyenyewe hupishana kwa greni kadhaa. Kagua kabla ya kufunga: panga maganda yaliyotiwa baruti kwenye trei, mulika tochi ndani ya kila moja, baruti iwe kimo kimoja. Pima baruti ya kila ganda la kumi, mizani ikiwa imehakikiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Ganda lisilo na baruti nalo ni hatari: fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) pekee husukuma kichwa kikakwama mtutuni, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.