Maswali ya Wasomaji: Wingu Likishuka Katikati ya Somo la Skii

SWALI: Nafundisha skii kwenye Alpi, upande wa Ufaransa. Kundi langu ni watu wazima sita. Njia za bluu, zile rahisi, wanazimudu, na nyekundu, zenye mteremko zaidi, zisizo kali pia. Jua likiwaka wanapinda vizuri, skii zikiwa sambamba. Wingu likishuka tu, miguu inakakamaa, makalio yanarudi nyuma, macho yanabaki kwenye ncha za skii. Nawasahihisha mkao lakini wapi! Nakosea wapi?
Msomaji, Grenoble

JIBU: Mkao huo ni matokeo tu. Wingu likitawanya mwanga, vivuli hupotea na matuta ya theluji hayaonekani. Mtu asiyejua kilichopo mbele ya miguu yake hujivuta nyuma. Akijivuta nyuma, ncha za mbele hukosa uzito, skii hukataa kupinda, mwendo huongezeka, na hofu nayo huongezeka. Ukimwambia "egemea mbele" wakati huo unapoteza pumzi zako.

Badili uwanja kwanza. Washushe kwenye miti. Vigogo vyeusi hulipatia jicho kitu cha kushika. Kama mko juu ya mstari wa miti, fuateni nguzo zilizosimikwa pembeni mwa njia. Ufaransa, nguzo za mkono wa kulia wa anayeshuka zina kichwa cha rangi ya machungwa, na namba hupungua kadiri unavyokaribia chini. Wafundishe hilo asubuhi kungali na jua, maana ndani ya ukungu ndiyo habari pekee watakayokuwa nayo: niko upande gani, na bado umbali gani.

Kisha punguza kazi. Somo jipya lisubiri. Wape kuteleza kiubavu, skii zikiwa zimekingama mteremko: magoti yakielekea chini kidogo zinateleza, yakirudi upande wa mlima zinashika. Hapo hawahitaji macho, nyayo zinatosha. Kisha mipindo mifupi, nguzo hadi nguzo, wakihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu ili wasiukatishe mpindo. Kabla ya kuondoka, ugoko wa kila mmoja uguse ulimi wa kiatu.

Mnyonge akufuate wewe, hodari awe wa mwisho. Simameni ukingoni, mahali mnapoonekana kutoka juu, na anayefika asimame chini ya waliotangulia. Akiteleza asiwazoe wenzake.

Kagua miwani pia. Kioo cha daraja S3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga. S1 hupitisha 43 hadi 80. Wengi huja na S3 pekee kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Wala wasiipandishe juu ya paji lenye jasho, itajaa mvuke.

SWALI: Mwezi Machi asubuhi ni barafu tupu, mchana theluji inakuwa uji. Nipange vipi siku?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Lifuate jua: miteremko ya mashariki kwanza, ya kusini baadaye, ya magharibi mwishoni. Anza mteremko pale sentimita moja au mbili za juu zimelainika. Kwenye barafu uzito wote ukae skii ya nje, na kingo za chuma ziwe zimenolewa. Kwenye uji gawanya uzito kwa skii zote mbili na panua mipindo, kwani theluji nzito hushika skii ghafla na goti ndilo linalosokotwa. Miguu ikichoka, somo limekwisha, hata kama saa haijafika.

SWALI: Upepo je?

JIBU: Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Kagua mashavu na pua zao kila mnapopanda lifti. Doa jeupe lisilo na hisia maana yake ni kuingia ndani mara moja. Msivuke kwenda bonde la pili upepo ukiwa unapanda: lifti ya viti ya kuwarudisha ikifungwa, mtazunguka mlima kwa teksi, na viatu vya skii miguuni.