Meli ndani ya Colosseum: ndiyo, lakini miaka ya mwanzo tu

Je, Colosseum, uwanja mkubwa wa michezo wa Roma ya kale, uliwahi kujazwa maji ili kuigiza vita vya meli? Maji yalijazwa kweli. Mwanahistoria wa Kirumi Cassius Dio anaeleza kwamba mtawala wa Roma, Titus, alipouzindua uwanja mwaka 80 BK, maji yaliingizwa ghafla, wakaletwa farasi na mafahali waliofunzwa, kisha watu wakapigana wakiwa melini. (Dio aliandika zaidi ya miaka mia baadaye, lakini mshairi Martial, aliyeishi wakati wa Titus, naye anayataja maji hayo.)

Yaliyokomesha mchezo ni vyumba vya chini, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Domitian, mdogo wake Titus: ngazi mbili za kuta za matofali, vizimba vya wanyama, na lifti za kamba zilizozungushwa kwa nguvu za watu. Juu yake sakafu ya mbao, halafu mchanga. Hapo humwagi maji tena.

Ila usifikirie meli kubwa. Uwanja wa kati una kama mita 83 kwa 48, na meli ya kivita ya safu tatu za makasia ilikaribia mita 35. Mbili tu zikikutana, hakuna pa kugeukia. Lazima zilikuwa ndogo.

Vita vikubwa vilifanyiwa kwingine. Mwaka 2 KK Augustus, mtawala wa Roma wa kabla yao, alichimbisha bwawa ng'ambo ya mto Tiber, futi 1,800 kwa 1,200. Maandishi yake mwenyewe yanataja meli 30 zenye pembe za kugongea, nyingine ndogo zaidi, na wapiganaji kama 3,000, wapiga makasia hawamo.