Usitoe arubuni ya mlango wa Unguja kabla hujapima mbao

Usitoe arubuni hiyo. Nimesoma swali lako mara mbili, ndugu yangu, na kila nilipofika pale unaposema kwamba fundi wa Unguja anasubiri nusu ya bei kesho kutwa, ili aanze kuchonga mlango wa dabo, yaani wa pande mbili, utakaosafirishwa hadi Dodoma, moyo ulinienda mbio, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi mwaka 2019. Umeeleza kwamba umekaa siku nne Mji Mkongwe, umerudi na picha nyingi, na sasa unataka sebule yako ifanane na hoteli uliyofikia: mlango wa nakshi, vidaka (vishubaka) ukutani, dari ya boriti, kisha ukauliza rangi za kuta, mapazia, na mahali pa kutundika taa za shaba. Nitaanza na mlango, kwa kuwa ndio utakaokufilisi.

Mimi pia nilishikwa na uzuri huo. Nilipita vichochoro vya Shangani jua likizama, nikaona misumari ya shaba iking'aa juu ya mbao nyeusi, minyororo iliyochongwa kwenye miimo, mayungiyungi na samaki chini yake, na mfaa umesimama katikati ukiziba pale pande mbili za mlango zinapokutana. Nilisimama mbele ya mlango mmoja hadi mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimepotea. Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa hodari wa patasi, na hilo sitamnyima. Nilimwuliza swali moja tu la maana, yaani kama mbao zimekauka, naye akanijibu kwamba mninga ule ulikuwa umekaa miaka mitatu kwenye banda lake. Nikalipa shilingi milioni nne na laki sita, mbali na nauli ya meli na ya lori.

Mbao zilikuwa zimekauka kweli, lakini zilikauka kwa kipimo cha Unguja, na hapo ndipo lilipolala kosa lote. Mbao haifiki siku ikawa imemaliza kukauka. Maisha yake yote huvuta unyevu na kuutoa mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Unguja imezungukwa na bahari na hupata mvua ya takriban milimita 1,600 kwa mwaka. Dodoma hupata takriban 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni upepo mkavu unaopasua hata midomo ya watu. Kwa hiyo mbao iliyotulia kabisa kwenye banda la Unguja hufika kwetu ikiwa bado ina maji ya kutoa, na inapoyatoa husinyaa. Husinyaa upana, ndugu yangu, wala si urefu, na mlango wa dabo ni upana mtupu.

Mlango wangu ulifungwa mwezi Agosti, na majirani wa mtaa wetu wa Ipagala walikuja kupiga picha mbele yake. Mwishoni mwa Septemba niliona mwanga ukipita kando ya mfaa, na katikati ya Oktoba kidole changu kiliingia kwenye ufa huo. Usiku mmoja tulisikia mlio kama wa tawi kavu linalovunjwa, na kulipokucha tukakuta upande wa kulia umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa ukipita katikati ya ua lililochongwa kwa majuma mawili. Sababu niliielewa baadaye. Fundi alikuwa amezigundisha mbao zile na kuzipigilia kwenye vipande vya kukingama kwa nyuma, bila kuziachia nafasi ya kucheza, na mbao inayotaka kusinyaa huku imebanwa pande zote haina njia nyingine isipokuwa kupasuka.

Nilimpigia simu. Kwanza alisema nimeuweka mlango juani, ilhali uko ndani ya baraza lenye paa. Pili alisema hewa ya Dodoma ndiyo mbaya. Tatu, akanishauri nijaze nyufa kwa unga wa mbao na gundi, nami kwa uchungu wa fedha zangu nikamtii. Mvua za Januari zilipoanza, mbao zilivimba zikitafuta nafasi yao ya zamani, zikakuta imeshajazwa kiraka. Upande wa kulia ukapinda, komeo halikufika tena kwenye tundu lake, na kwa wiki nzima tulilala kochi likiwa limesukumwa nyuma ya mlango. Mke wangu akasema mlango ule unaulilia upepo wa bahari na afadhali tuurudishe kwao.

Mpaka leo nina hasira, na sitaificha. Mtu anayeuza mlango wa mamilioni bila kumwuliza mnunuzi anaupeleka wapi ana kosa, hata patasi yake iwe ya dhahabu. Mwenye kosa kubwa zaidi ni mpambaji wa nyumba aliyenipeleka kwa fundi huyo, ambaye baadaye nilitambua kwamba alikuwa na fungu lake katika bei. Alikuwa ameishi Dodoma miaka mingi, aliona milango ya watu ikipasuka kila kiangazi, na bado alinionyesha picha za hoteli za pwani na kuniambia kwamba mninga haupasuki. Mninga ni mbao tulivu kuliko nyingi, lakini hakuna mti usiosinyaa unapopoteza maji.

Kanuni yangu sasa ni moja, nami namwambia kila anayerudi kutoka safari akiwa na hamu kama yako: mbao ikomae mahali itakapoishi. Utaambiwa kwamba milango ya Unguja yenyewe ni matunda ya safari, na kwamba msaji, yaani mbao ya mtiki, uliletwa na majahazi kutoka India kwa pepo za kaskazi. Ni kweli, lakini msaji huo ulitoka pwani yenye unyevu ukaja pwani yenye unyevu. Tena itazame misumari ile ya shaba: inasimuliwa kwamba kule India iliwekwa kuzuia tembo wasisukume malango, na Unguja, isiyo na tembo, ikawa pambo na alama ya utajiri. Mafundi wale waliichukua sura ya kitu kilichotoka mbali, wakakitumia kwa haja ya mji wao.

Hivyo ndivyo nilivyofanya hatimaye. Kizingiti cha juu na mfaa vya mlango wangu wa kwanza vilikuwa vizima, kwa kuwa ni vipande virefu na vyembamba, na kama nilivyosema, mbao haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Nikavibakiza. Kisha nilinunua mninga mbichi kiasi, nikazipanga mbao stoo kwangu, vijiti vikitenganisha safu na safu ili hewa ipite, zikakaa miezi minane, kiangazi chote kikiwamo. Fundi wa hapa hapa Dodoma alitengeneza fremu za pande mbili na kuzichimba mifereji, akazitia paneli zilizochongwa bila gundi wala msumari, kila ukingo ukiachiwa milimita chache ndani ya mfereji. Kiangazi paneli husinyaa, masika huvimba, na kwa nje huoni lolote. Gharama yote haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Kuhusu vidaka, kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa karibu nusu mita, na kidaka kinachimbwa ndani ya unene huo. Ukuta wako wa tofali la inchi sita hauna cha kuchimbwa; utalazimika kujenga ukuta wa pili mbele yake. Boriti nazo zina sharti lake: vyumba vya Unguja na vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti hizo ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba, mara nyingi chini ya mita tatu. Sebule uliyoitaja ina mita tano. Ukizitaka kwa pambo tu chini ya dari iliyopo, sawa, lakini nazo zikae kwanza Dodoma kiangazi kizima kabla hujazipandisha.

Basi fanya hivi. Mwombe fundi akutumie kwa basi kipande kimoja cha mbao ile ile atakayotumia, chenye urefu wa kiganja. Kipime kwenye mizani ya jikoni siku kinapofika, uandike uzito wake kwa kalamu juu ya kipande chenyewe, kisha ukiweke sebuleni mbali na jua na ukipime kila Jumamosi. Uzito utashuka, na utaendelea kushuka kwa majuma kadhaa. Akikataa kukutumia, usimtumie fedha. Vipimo vya mifereji na picha za mlango wangu ulivyo sasa nitaviweka hapa kesho jioni, fundi wangu akirudi kutoka Kondoa.