Laptopu imegoma kuwaka baada ya kusasisha Ubuntu: je, diski imekufa?

SWALI: Fundi, salaam kutoka Arua. Nina ThinkPad T420 ya mtumba yenye Ubuntu 22.04. Juzi jioni ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika, na kwa kuwa betri yake ilishakufa zamani, ikazima palepale. Tangu hapo nikiiwasha naona maandishi meupe tu, na karibu na mwisho pameandikwa "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Fundi wa hapa mjini anasema diski imekufa, au nimruhusu afute kila kitu aweke Windows. Ndani mna mitihani ya mock ya S.4 ambayo sijaichapisha. Nikubali?

JIBU: Pole sana, mwalimu, na usikubali. Diski iliyokufa huonekana kwa dalili nyingine: mashine husema haioni kifaa cha kuwashia, au skrini hujaa mistari ya "I/O error". Yako imevuka hapo. GRUB (programu inayoanzisha Ubuntu) imesomeka, kerneli (kiini cha Ubuntu) imepakiwa, na vyote viwili vimetoka kwenye diski hiyohiyo unayoambiwa imekufa. Na hiyo Windows sijui angeweka ipi: Windows 11 haiitambui rasmi mashine ya umri huo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Kinachokosekana, kwa dalili ulizoeleza, ni faili moja tu liitwalo initrd. Kerneli inapoamka bado haijui kuifikia diski yako. Draiva na zana za kuitafutia zimo ndani ya faili hilo, ambalo hutengenezwa kwenye mashine yako mwenyewe kuelekea mwisho wa kusasisha. Kerneli mpya ilishaingia, initrd yake haikukamilika. Basi kerneli imebaki kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku bila namba ya simu ya mwenyeji. Zile sifuri mbili za mwisho maana yake ni kwamba haikutambua diski yoyote.

Habari njema ni kwamba Ubuntu haifuti kerneli ya zamani inapoleta mpya. Washa laptopu, na nembo ya ThinkPad ikitokea tu, shikilia Shift mpaka uone menyu. (Ikiwa mwenye mashine wa kwanza aliiweka kwa mtindo wa UEFI, yaani utaratibu mpya wa kuwasha kompyuta, Shift haitafanya kitu, gusa Esc mara moja.) Ingia "Advanced options for Ubuntu", kisha chagua kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu kabisa, ile isiyo na maneno "recovery mode". Kwa hali uliyoieleza, natarajia iwake kama kawaida.

Ikiwaka, usikimbilie kutengeneza. Chomeka flashi, nakili mitihani yako, itoe flashi, ndipo turudi kazini. Nasisitiza hili kwa sababu amri zinazofuata zinagusa sehemu ileile inayowasha mashine.

Fungua tamino (Terminal, dirisha la kuandikia amri), uandike:

uname -r
df -h /boot

Ya kwanza inakuonyesha kerneli unayotumia sasa. Iandike kwenye karatasi, hiyo haiguswi. Ya pili inaonyesha nafasi. Ikiwa /boot, folda inayohifadhi kerneli na initrd, imetengewa sehemu yake ya diski na imejaa asilimia 100, basi umeme si mkosaji pekee: mashine nyingi za zamani zilitengewa megabaiti mia chache tu, na initrd za siku hizi peke yake zinaweza kupita megabaiti 100. Kerneli tatu zikikaa pamoja, ya nne haina pa kulala.

Kama nafasi ipo, amri moja inaweza kumaliza shughuli yote, kwa kuwa inaendeleza kazi pale ilipokatikia:

sudo dpkg --configure -a

Kama hakuna nafasi, itakataa. Hapo jaribu sudo apt autoremove --purge, ambayo huondoa kerneli zisizohitajika. Nayo mara nyingine hugoma, ikidai kwanza umalize usakinishaji uliokwama, ambao nao unadai nafasi. Mduara huo umewatoa watu wengi jasho. Unavunjwa hivi: tazama ls -lh /boot, tafuta initrd ya kerneli ya zamani kabisa ambayo si ile uliyoiandika kwenye karatasi, uihamishe badala ya kuifuta:

sudo mv /boot/initrd.img-NAMBA /root/

Weka namba halisi mahali pa NAMBA. Kisha rudia dpkg, ufuatishe sudo apt --fix-broken install, halafu autoremove. Mwisho hakikisha initrd ya kerneli mpya imezaliwa na menyu inaijua:

sudo update-initramfs -c -k NAMBA-MPYA
sudo update-grub

Tazama tena ls -lh /boot. Initrd mpya ikiwa ndogo mno kuliko wenzake, haijakamilika. Rudia amri ya kwanza kati ya hizo mbili kabla ya kuzima.

Ikiwa hata kerneli ya zamani imekataa, usikate tamaa bado. Azima flashi ya GB 8, iandike Ubuntu ukitumia kompyuta nyingine, washa T420 huku ukibonyeza F12, uchague flashi na "Try Ubuntu". Faili zako utazikuta kupitia kidhibiti faili. Ukiwa humo, sakinisha smartmontools, zana za kupima afya ya diski, na uendeshe sudo smartctl -a /dev/sda (thibitisha jina la diski kwa lsblk). Ukiona Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct (hesabu za sehemu mbovu za diski) zina namba kubwa kuliko sifuri na zinazidi kupanda, hapo nitamwomba radhi fundi wako, na ununue SSD.

Kwa siku za mbele: Ubuntu 22.04 ya mezani hufuata mkondo wa kerneli mpyampya, ambazo zimefika 6.8. Mashine ya 2011 haina cha kufaidi sana humo. Mimi ningeibakiza kwenye 5.15, iliyotoka na 22.04 yenyewe: sakinisha kifurushi cha linux-generic, hakikisha inawaka kwa 5.15, ndipo uondoe linux-generic-hwe-22.04 pamoja na kerneli za 6.8, maana zikibaki GRUB itaendelea kuzitanguliza. Masahihisho ya usalama yataendelea mpaka 2027. Na kwa kuwa betri imekufa, fungua Software & Updates uzime usakinishaji wa kujiendesha, uwe unasasisha mwenyewe asubuhi ukiwa na sola au jenereta ya shule.